Mafundi Wanne wa Recho

Saa mbili kasoro asubuhi. Chini ya bati la kijiwe cha wachongaji, Mwananyamala, Gaspar Nandonde ameshika patasi kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto amekikumbatia kipande cha mpingo kama mtu anayebembeleza mtoto. Simu ameilaza juu ya gogo, mahali ambapo jicho lake halikosi kuiona.

Anachonga mama aliyebeba mtungi. Zamani mama kama huyo alimmaliza kwa siku nne. Huyu anaingia wiki ya sita na mkono mmoja bado umo ndani ya mti.

"Nikigonga mara tatu naangalia simu," anasema. "Mpingo hautaki mtu mwenye mawazo. Ukipitiwa kidogo tu, umeshamkata mama pua."

Simu inalia. Nyundo zote kijiweni zinanyamaza. Anayepiga ni Demetria, mkewe, ambaye huu ni mwezi wa pili analala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto wao, katika hospitali kubwa ya jijini.

"Baba Recho, fizi zinatoka damu tangu alfajiri. Hiki kitambaa cha tatu. Ongea na sista."

Sista Lusungu, muuguzi wa wodi ya watoto wenye saratani, hazunguki. Chembe za kugandisha damu za Recho zimeshuka hadi elfu nane. Mtoto mwenye afya huwa nazo laki moja na nusu kwenda juu. Akiba ya hospitali imekwisha, hakuna hata mfuko mmoja. Wanatakiwa watu wanne wa kutoa damu, wawe wamefika kabla ya saa sita, ili maabara ipate muda wa kupima na kutenga.

"Leo, baba, siyo kesho," anasema. "Sasa hivi damu inatoka kwenye fizi, tunaiona. Ikitoka kichwani hatutaiona."

Kabla simu haijakatwa, sauti nyembamba inaingia, yenye kitambaa mdomoni.

"Baba, kitendawili."

Gaspar anafumba macho. "Tega."

"Ng'ombe wangu kaning'inia juu, ndama ananyonya kwa mkono."

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Chukua Nachingwea."

"Nilikwenda Nachingwea, nikala korosho, nikarudi. Jibu ni dripu. We baba unashindwa kila siku. Mie nataka Newala."

"Newala siitoi."

Ndiyo michezo yao. Recho ana miaka saba, na vitendawili alifundishwa na bibi yake, mama yake Gaspar, anayeishi huko huko Newala. Mwenye kushindwa hutoa mji. Tangu alazwe, Recho ameshachukua Masasi, Lindi, Mtwara, Tunduru, na sasa Nachingwea. Newala baba yake ameishikilia. Ndiko kwao, na ameapa kuitoa siku moja tu, siku ya kumpeleka mwenyewe kwa bibi yake.

Gaspar anaweka simu mfukoni, anageuka. Wanaume kumi wanamtazama, wenye vifua na mikono ya kubeba magogo. Hakuna hata mmoja anayeweza kumsaidia leo.

*

Ilianza kwa uchovu. Recho akirudi shule analala na sare. Akatibiwa malaria mara mbili. Zikaja alama nyeusi miguuni, Demetria akadhani mtoto kachapwa, akaenda hadi shuleni kumwambia mwalimu maneno mazito mbele ya darasa. Majibu ya kipimo yalipotoka, saratani ya damu, kabla ya kulia alikwenda kwanza kumwomba mwalimu yule radhi.

Madaktari walisema matibabu ni miaka miwili na nusu, na mtoto ana nafasi nzuri. Walisema pia dawa zenyewe zitamshusha damu mara kwa mara, kwa hiyo familia ijiandae kuleta wa kuchangia.

Wachongaji hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Kijiwe hiki kina desturi moja ambayo kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Likija gogo kubwa, kila mtu anaweka patasi chini, wanakwenda wote. Anayebaki amekaa siku hiyo hali na wenzake.

Basi karibu wiki tatu zilizopita, Recho alipohitaji damu mara ya kwanza, mzee Erasmus, mkubwa wa kijiwe, alisema neno moja tu: "Gogo." Wakafunga kazi. Wanaume kumi na mmoja, Gaspar akiwamo, wakaenda kutoa damu siku moja, saa moja, wakapiga na picha wakiwa wamekunja mikono yenye pamba. Mtoto alihitaji mfuko mmoja. Iliyobaki ikaenda kwa wagonjwa wengine.

"Yule wa pale mezani alituuliza, mmekuja wote? Tukasema wote, sie ndivyo tulivyo," anakumbuka mzee Erasmus. Hacheki. "Nilijiona mwanaume kweli siku ile."

Hakuna aliyewauliza zaidi, na wao hawakujua. Mwanaume akishatoa damu hukaa miezi mitatu ndipo atoe tena. Chembe za kugandisha nazo huishi siku tano tu, haziwekwi akiba ya muda mrefu. Ule upendo wote wa kijiwe uliishia siku moja. Leo ni siku ya kumi na tisa.

*

Hadi saa nne na robo Gaspar ameshazunguka mtaa mzima. Shemeji yake ametoka kuugua malaria, hawezi kupokelewa. Jirani ana uzito wa kilo arobaini na sita. Muuza chipsi amekubali, lakini bosi wake kamwambia akiondoka asirudi.

Imebaki sehemu moja. Iko hatua thelathini kutoka kijiweni, ng'ambo ya mtaro, na Gaspar hajaikanyaga kwa miezi mitano.

Ni karakana ya maseremala ya mzee Salumu. Vumbi la mashine yao ya randa lilikuwa likitua kwenye vinyago vilivyopakwa kiwi vikisubiri wateja. Wakaombana, wakasutana, mwisho Gaspar akaenda serikali ya mtaa na mashine ikasimamishwa wiki nzima. Tangu hapo wachongaji huwaita wale "mabenchi", na wao huitwa "mashetani ya mbao". Salamu zilikufa. Na mzee Salumu ni mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye kustahili shikamoo.

Gaspar anavuka mtaro. Randa inazimwa. Vijana wanane wanaegemea mbao, wakisubiri kuona.

"Shikamoo, mzee Salumu."

Mzee anaichomoa penseli sikioni, anaipuliza vumbi, anairudisha.

"Marahaba. Nimekudai hiyo tangu mwezi wa tano."

"Najua, mzee."

"Leo mtendaji wa mtaa yuko wapi? Umekuja peke yako?"

Vijana wanacheka. Mmoja, Nassibu, anadakia: "Labda kaja kupima vumbi, mzee. Mpeni chekecheo."

Gaspar anawaacha wamalize. Kisha anasema, bila kupamba, kwamba Recho anatoka damu, kwamba kijiwe kizima kimekwisha kutoa, kwamba kabla ya saa sita anahitaji watu wanne. Anapofika kwenye neno "kichwani" anashika ubao.

"Recho huyu aliyekuwaga anaokota maranda hapa?" anauliza mzee Salumu. "Anayetengeneza nywele za mdoli?"

"Huyo huyo."

Mzee anageuka. Anafungua aproni, anaitundika msumarini. "Washeni Kirikuu. Shusheni hicho kitanda. Wote, twendeni."

Vijana wanane wanapanda nyuma ya kile kigari cha mizigo kabla neno halijapoa. Na hapo Gaspar anafanya jambo analosema lilimwuma kuliko kuvuka mtaro.

"Wanne washuke," anasema.

"Unasemaje?" Nassibu anashangaa. "Watu tunakupa damu, wewe unachagua kama nyanya?"

"Mtoto ana miaka miwili na nusu ya kutibiwa. Mkinipa wote leo, mwezi ujao nitamfuata nani? Sie tulishakosea hivyo. Naombeni wanne. Nyie wengine nitakuja kuwapigia magoti siku nyingine, na siku hiyo msinikatae."

Mzee Salumu anawatazama vijana wake. Halafu anapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Mmesikia. Nassibu, Jamali, na nyie wawili hapo nyuma. Wengine mrudi kazini. Mie nitaendesha."

*

Wanafika saa tano na dakika kumi. Sista Lusungu ameshawaandalia fomu, anawahimiza wanywe chai kwanza na wale chapati. Hakuna anayeulizwa kundi la damu. "Hilo tutalipanga sisi," anasema. "Nyie leteni mikono."

Nassibu anapita. Wale wawili wanapita. Jamali anaulizwa kama ametumia dawa yoyote.

"Hapana. Ile ya mgongo tu, aspirini. Namezaga kila asubuhi, si unajua mbao."

Sista anaweka kalamu chini. Aspirini huzilegeza chembe zile, anaeleza, na mtoto anayetoka damu hawezi kupewa zilizolegea. Jamali anabaki ameketi na mkono wa shati ameshaukunja tayari, kama mwanafunzi aliyekosa jibu.

Saa ya ukutani ni tano na dakika thelathini na tano. Kurudi Mwananyamala na kuja tena ni zaidi ya saa nzima. Gaspar anawafikiria wale wanne aliowashusha garini kwa mdomo wake mwenyewe. Anatoka nje ya mlango, anashika ukuta.

Mzee Salumu yuko kwenye benchi la nje. Amekataa hata kuingia. Vijana wake wanajua sababu, ila hakuna aliyewahi kuitaja mbele yake. Mtu huyu aliyekatwa kidole na msumeno akakifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi, mwaka ule wa chanjo alijificha kwa dada yake Kimara ili asichomwe sindano.

"Wangapi?" anauliza.

"Watatu. Jamali kakataliwa."

Mzee anatazama vumbi kwenye viatu vyake. "Mwisho miaka mingapi, kutoa?"

"Sitini na mitano, nasikia."

"Ningekuwa na sitini na sita ingenifaa." Anasimama. "Twende. Lakini unishike huo mkono mwingine. Na ukija kumwambia mtu, naiwasha randa usiku na mchana."

Gaspar alimshika. Sista Lusungu anasema mzee alifumba macho tangu mlangoni, akasoma dua yake taratibu, na sindano ilipoingia akasema, "Mmeshaanza?" Walikuwa wameshamaliza kufunga bomba.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

*

Mchana wote Demetria anabadilisha vitambaa. Cha nne, cha tano, cha sita. Recho haongei. Hategi. Mama yake anasema hapo ndipo aliposhikwa na woga wa kweli.

"Nilimwambia, nitegee basi mie, nina miji ya kwetu Songea sijaitoa hata mmoja. Akatikisa kichwa tu. Mtoto wangu akinyamaza, nyumba imezima taa."

Saa kumi na mbili jioni mfuko unatundikwa. Gaspar, amesimama miguuni pa kitanda na barakoa usoni, anashangaa kuona si mwekundu. Ni wa njano, kama maji ya nanasi. Vijana watatu na mzee mmoja, wote wamo humo, hawajai hata kikombe.

Unashuka pole pole. Demetria anatazama mdomo wa mtoto, Gaspar anatazama mfuko. Nusu saa baadaye kitambaa cha saba kinatoka na doa dogo tu. Cha nane hakikuhitajika.

Recho anafumbua macho, anaangalia juu.

"Baba, hii imetoka wapi?"

"Kwa mzee Salumu na vijana wake. Wanne."

Anafikiri. Anameza mate, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mafundi wanne wameingia chumbani kwangu, hakuna aliyebisha hodi."

Gaspar anautazama mfuko. Anatazama mrija, anaufuata hadi kwenye mkono mwembamba kama mpini wa patasi. Demetria anamtazama yeye, akingoja.

"Nimeshindwa," anasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mama."

"Nipe mji."

Gaspar anavuta pumzi. "Chukua Newala."

*

Vipimo vya kesho yake vilionyesha chembe zimepanda hadi elfu thelathini na nane. Si nyingi, lakini Sista Lusungu anasema kwa wiki hii zinatosha. Wiki ijayo dawa zinaendelea, na chembe zitashuka tena.

Gaspar anaposhinda kijiweni, siku tatu kwa wiki, hupata shilingi elfu kumi hadi kumi na tano kwa siku. Siku zinazobaki hushinda wodini ili mkewe apate kulala. Mashine ya randa sasa inawashwa wachongaji wakienda kula. Salamu zimefufuka, na matusi ya utani pia.

Kwenye nguzo kati ya kijiwe na karakana kumepigiliwa ubao wa mninga, mzee Salumu kaupiga randa mwenyewe. Una majina ishirini kwa penseli ya fundi, na mbele ya kila jina tarehe ya zamu yake. Hawazidi wanne kwa mara moja. Jamali ameandikwa wa mwezi ujao, na chini ya jina lake Nassibu kaongeza: "Aache aspirini." Mzee Erasmus na wachongaji wake wanaanzia mwezi wa pili mwakani, wamegawanywa makundi matatu. Mzee Erasmus anasema bado inamwia vigumu kumwona mwenzake anaondoka na yeye amebaki ameketi.

Mstari wa mwisho kabisa, chini ya majina yote, Gaspar ameuandika yeye. Unasema: "Recho, Newala." Nafasi ya tarehe ameiacha wazi, na kila asubuhi, kabla ya kushika patasi, anapita kuifuta vumbi.