Cheti cha Fundi wa Nyavu

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya kuazima, na Mama Direktrisi, mkuu wa kituo, akaviangalia kabla ya kuniangalia mimi. Ilikuwa fuaye sosiali ya hapa Kalemie, nyumba ya serikali ambamo akina mama walifundishwa kushona, kufuma na kupika. Niliajiriwa monitrisi, yaani mwalimu wao. Direktrisi akanipa kitambaa cheupe na uzi mwekundu. "Tarizi ua moja hapo. Mukono ukitetemeka, rudi kwenu." Haukutetemeka. Ninyi wasichana wa leo munaoendesha pikipiki na kuchomelea vyuma mutacheka, lakini wakati ule serikali haikuwa na kazi nyingine ya kumfundisha mwanamke.

Nilifundisha vitambaa vya meza miaka mingi, kisha wakanituma Zongwe, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Nikashuka mtumbwini na cherehani mbili. Mwanafunzi wangu wa kwanza, Mama Sofia, alikuwa na watoto watano na mdomo usio na breki. Akakigeuzageuza kitambaa nilichomwonyesha. "Mama monitrisi, hii njo ya kufunika meza. Meza yenyewe iko wapi?" Nilikasirika sana, kwa sababu alisema kweli.

Wanaume wengi wa pale walikuwa wamekwenda Manono kuchimba madini. Wavuvi wachache walibaki, lakini mafundi wa nyavu karibu wote waliondoka. Nyavu zilining'inia zimetoboka, na akina mama waliozoea kuanika ndakala, wale samaki wadogo, na kuuza wakakosa cha kuanika. Mwanamke naye hakuruhusiwa kugusa wavu, eti samaki watakimbia. "Wamekwisha kukimbia," akasema Mama Sofia. "Watakimbilia wapi tena?"

Basi nikaenda kwa Papa Prezida, mkubwa wa wavuvi, kuomba wavu mmoja wa kujaribia. Akanipa uliooza kuliko zote, huku anacheka. Na hapo nikafanya kosa la mshona nguo. Mimi na wanafunzi wangu tulivuta kingo za tundu, tukaziunganisha kwa mishono midogo midogo, mizuri, kama tunavyoziba gauni. Ee Mungu wangu! Majini wavu ulijikunja pale tulipoubana, ukapasuka hadi ukingoni. Papa Prezida akaja kuutupa mlangoni kwangu. "Njo mambo ya wanawake hayo!"

"Hapana, Papa," nikamwambia mbele ya wote. "Njo mambo yangu. Mimi niliwafundisha vibaya." Aibu ilinichoma hadi masikioni.

Siku ile ile nikamwendea Papa Kilumba, fundi mzee ambaye hakuwa akiona vizuri tena. Akaupapasa wavu wetu, akaguna. "Muliziba. Wavu hauzibwi. Unakata kwanza yote iliyooza, tundu likuwe kubwa kuliko mwanzo. Kisha unafuma macho mapya." Macho ndiyo matundu madogo ya wavu, lazima yalingane, na kila fundo likatae kuteleza. Akatupa sindano ya mti, bapa, iliyozungushiwa uzi, na kipande cha mwanzi cha kupimia kila jicho. Tulifuma, akapapasa, akasema: "Fumua." Tulifumua hadi vidole vikavimba. Wavu wa pili ulikwenda majini ukarudi mzima. Papa Prezida hakutusifu. Alileta mwingine.

Lakini alituambia hivi: "Bila karatasi ya serikali, ninyi ni wasaidizi tu. Fundi anapata fungu la samaki. Musaidizi anapata konzi moja." Nikaandikia biro, ofisi yetu ya Kalemie, kuwaombea wanafunzi wangu vyeti vya ufundi wa nyavu. Jibu lilikuwa barua ya kunitaka nijieleze, ile inayomkosesha usingizi kila mfanyakazi wa serikali. Nikaenda kujieleza mbele ya Shefu wa Servisi, mkubwa wa biro ile.

"Mama, programu inasema kushona."

"Tunashona, Shefu."

"Nguo! Funga darasa la nyavu, wape vyeti vya nguo. Direktrisi anastaafu mwaka huu, na kiti chake kitakuwa chako."

Nilikitaka kile kiti, siwafichi. Lakini cheti cha nguo kingemsaidia nini Mama Sofia mbele ya Papa Prezida? Nikasema: "Shefu, andika kazi wanayoifanya, ama usiandike kitu." Kiti akapewa mwingine. Nikarudi Zongwe, na kila mwaka nikatuma ombi lile lile kwa maneno yale yale. Mashefu watatu walipita. Wa nne alikuwa mwanamke. Alikuja mwenyewe, akawakuta akina mama mchangani na nyavu magotini, akauliza maswali mengi, akasaini.

Mimi nilistaafu nikiwa monitrisi, cheo kile kile nilichoanza nacho. Kuna siku ninajuta, hasa nikipita mbele ya ile biro. Halafu ninapita Katanika, ninaona akina mama waliokimbia vita wanafyatua matofali kutwa, na mtu anawaita wasaidizi, na hasira yangu inarudi yote. Binti zangu, kazi yenu ikatalieni jina la uongo, hata kama jina hilo linakuja na kiti.

Siku vyeti vilipofika Zongwe, Mama Sofia alikuwa tayari na wajukuu. Kusoma hajui. Akanipa karatasi: "Nisomee." Nikamsomea jina lake, kisha kazi yake: fundi wa nyavu. Papa Prezida alikuwa amesimama karibu, ameegemea fimbo yake.

"Soma tena," akasema Mama Sofia, "na upaze sauti. Muzee huyu hasikii vizuri."