Nilimwita Mtani Wangu Mwizi kwenye Kompyuta ya Tajiri

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea nimejitetea miaka mingi mpaka nimechoka kujisikiliza. Nilimfukuzisha mtu kazi. Hakuniudhi, hakunidhulumu, hatukugombea mwanamke. Alikuwa mtani wangu, na nilikuwa nampenda.

Jina langu liache. Yeye nitamwita Osmund. Si lake, lakini lake nalo ni la hivyo hivyo, la watu wa Songea waliobatizwa na mapadri.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, kila kitu ruksa, Kariakoo imefurika vyombo vya plastiki na chupa za chai kutoka pembe zote za dunia. Mimi nilikuwa karani kwenye duka la jumla la vyombo. Mwenye duka nitamwita Bwana Kanti, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa mjini, ana methali za Kiswahili kunizidi mimi. Osmund alikuwa mtunza stoo wake. Kabla ya hapo alikuwa kwenye shirika la umma, shirika likafa, wakapunguzwa wote. Akakaa nyumbani mpaka akauza kabati la mkewe. Kazi ya kwa Bwana Kanti ndiyo iliyomrudishia sauti nyumbani kwake. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, maana aliniambia mwenyewe.

Sasa mimi ni Mhehe, yeye Mngoni. Asiyejua aelewe: babu zetu walipigana, wakachoka, wakawa watani. Mngoni anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu na mkwe akacheka. Akichukua kofia yangu, hajaiba. Hata msibani, wengine wakilia, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa.

Kila nilipofungua chakula changu cha mchana, Osmund alibweka, kwa sababu sisi Wahehe tunasemwa tunakula mbwa. Na mimi jibu langu lilikuwa moja tu: "Rudisha ng'ombe wa babu yangu, mwizi mkubwa wewe." Maana Wangoni nao wanasemwa walikuja wakiteka ng'ombe wa watu. Wapagazi waliokuwa wakipakia mizigo pale nje walikuwa wanakaa tayari kusikiliza. Hatukuwa na redio, redio tulikuwa sisi.

Ikaja kompyuta. Bwana Kanti aliinunua baada ya kuona jirani yake kanunua. Diwali ilipofika akaipaka alama nyekundu juu ya kioo, kama alivyokuwa akivipaka vitabu vyake vya hesabu kila mwaka, akaifukizia ubani. Kisha akatuita akatoa amri. "Kila mtu afungue programu yake, afanye kazi, afunge. Anayetaka kuichezea, akachezee ya baba yake."

Mimi nikaichezea. Jamani, ile mashine ilinilevya. Niligundua kwamba vile vipicha vya programu vinavyopangwa kwenye kioo vinaweza kuhamishwa. Vya tajiri nikavipanga kushoto, vyangu kulia, cha stoo nikakiweka katikati peke yake. Nikagundua picha zenyewe zinabadilishika: unachagua mti, kufuli, ufunguo, unachotaka. Nikagundua na majina ya chini yake unayaandika upya kwa maneno yako. Programu ya barua nikaiita Barua. Ya hesabu nikaiita Hesabu. Ofisi nzima ikaniona mtaalamu, na mimi sikukataa.

Siku moja nikakichukua kile kipicha cha stoo, kazi ya Osmund, nikakipa picha ya ufunguo. Chini yake nikaandika: Osmund mwizi wa ng'ombe wa babu yangu.

Alipofungua asubuhi alicheka akashika meza. Akabweka kuanzia saa ya kufungua hadi saa ya kufunga. Akasema, "Iache hivyo hivyo, mtani. Nataka kila siku nianze kazi nikijua babu yako alikuwa mzembe." Nikaiacha.

Ila kompyuta ilikuwa na tabia moja. Jina likiwa refu, ilikuwa inalikata. Ilionyesha maneno ya mwanzo tu, halafu nukta. Mpaka ukibonyeze kile kipicha mara moja ndipo maneno yote yanajitokeza. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya kioo bila kubonyeza alikuwa anasoma hivi: Osmund mwizi wa, basi.

Sisi hatukujali. Tulikuwa tunajua kilichobaki.

Asubuhi moja Osmund alikuwa ghalani anapokea mzigo. Akaja mteja wa mikoani anataka kujua kama sufuria za saizi fulani zipo. Bwana Kanti hakupenda kumngojesha mteja, akavuta kiti akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaona shingo yake imesimama.

"Hii nini?" akauliza. "Osmund mwizi wa. Wa nini?"

Ndugu yangu, mausi ya kompyuta ilikuwa karibu na mkono wangu. Kubonyeza mara moja tu. Ng'ombe wangejitokeza, babu angejitokeza, tajiri angekunja uso, angenigombeza mimi kwa kuchezea mashine yake, pengine angenikata mshahara.

"Nani kaandika?"

"Sijui, mzee."

"Hujui vipi? Mashine unashinda nayo wewe."

Hapo nikasema jambo ambalo hakuna aliyeniomba niliseme. Nikasema, "Kila mtu anaifungua, mzee. Labda kuna aliyeona kitu akaogopa kukuambia."

Sijui lilitoka wapi. Nasema uongo, najua. Lilitoka kwenye woga. Nilikuwa nataka macho yake yaondoke kwangu yaende kwingine, na kwingine palipokuwa karibu ni kwa Osmund.

Bwana Kanti akamtupia jicho mteja. Kisha akasema polepole, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Futa hiyo, mteja asione."

Nikafuta. Nikakirudishia kipicha jina lake la kiwandani. Kwa mkono wangu huu nilifuta maneno pekee ambayo yangemwokoa.

Osmund akaitwa. Akaingia anapangusa vumbi la makatoni, anatabasamu. Tajiri akamwuliza kwa nini wenzake wanamwandika mwizi. Osmund akacheka. "Ah, mzee, huo ni utani. Mimi na huyu ni watani. Mtani, mwambie."

Nikasema, "Watani ni kweli. Lakini mimi sijaandika kitu."

Akacheka zaidi! Alidhani bado tunataniana. Alidhani namrusha roho kidogo mbele ya tajiri, kisha nitaangua kicheko kama siku zote. Akanipiga bega, akaniambia, "Mhehe wewe, utaniua." Akasimama pale anacheka, ananisubiri.

Na Bwana Kanti alikuwa anamtazama mtu aliyeitwa mwizi, anacheka.

"Unaona ni mchezo," tajiri akasema. Uso umebadilika kabisa. "Stoo yangu ni mchezo."

Osmund akanitazama tena. Sikucheka. Nilikuwa natazama chini kwenye vitufe vya kompyuta. Hapo ndipo kicheko chake kilipokufa, na nilikisikia kinavyokufa.

"Kumbe," akasema. Neno hilo tu.

Hakunitaja. Angeweza kusema ni huyu, nimemwona kwa macho yangu, wapagazi wote wanajua. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu.

"Polisi sikupeleki, ushahidi sina," Bwana Kanti akamwambia. "Lakini funguo zangu nazitaka."

Osmund akazifungua kutoka kwenye mkanda wake, akaziweka mezani, akatoka akipita katikati ya wapagazi bila kuwaaga. Mchana ule nilifungua chakula changu, duka zima kimya.

Funguo nikapewa mimi. Nikaambiwa nihesabu mzigo wote. Nikahesabu nikiomba Mungu nikute kitu kimepungua, hata mfuniko wa sufuria, ili niweze kulala. Hakuna kilichopungua. Nikampelekea tajiri majibu. Akafikiri kidogo akasema, "Basi tumemuwahi."

Ningesema hapo. Sikusema. Nikajipa moyo kwamba atapata kazi duka jingine, yeye ni mzoefu. Lakini Kariakoo wenye maduka wanajuana. Ukienda kuomba kazi, wanampigia simu tajiri wako wa zamani. Osmund alizunguka mitaa yote mpaka viatu vikaisha. Kodi ikamshinda, mkewe akarudi Songea na watoto. Yeye akabaki, akaanza kuuza viatu vya mitumba Mchikichini. Mimi nilikuwa nakaa Buguruni, na nikiwa na shida ya kiatu nilikwenda kununua kwingine.

Vipicha vyote vya kompyuta nilivirudisha vilivyokuwa vilipotoka kiwandani. Sikupanga tena kitu. Watu wakaniuliza utaalamu umeishia wapi, nikasema macho yananiuma.

Miaka ikapita. Mama yangu akaja kwangu kutibiwa, akafia mikononi mwangu. Ndugu wakateremka kutoka Iringa. Siku ya maziko, nimekaa na wanaume chini ya turubai, nikamwona Osmund anaingia. Amezeeka. Shangazi zangu waliomfahamu tangu zamani wakainuka, wengine na machozi usoni, wakaanza kutabasamu. "Mtani kafika! Sasa msiba umekuwa msiba." Wakatayarisha na pesa za kumpa, maana mtani akizuia jeneza lazima umkomboe marehemu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, akilala njiani pale akambwekea mama yangu, basi nimesamehewa.

Osmund akavua kofia. Akanijia, akanipa mkono. "Pole sana, kaka. Mungu ampumzishe." Akaenda akakaa nyuma na majirani.

Shangazi akamfuata. "Mtani, mbona umepoa hivyo? Tuchekeshe basi."

Akamjibu kwa adabu kabisa, adabu ambayo hakuwahi kunipa hata siku moja. "Mama, mimi hapa si mtani. Nimekuja kuzika tu."

Mama yangu alizikwa kimya. Wageni walidhani tuna heshima.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Bwana Kanti, naye ameshawaachia wanawe duka, nikamwambia yote. Ng'ombe, babu, jina lililokatwa, na mkono wangu uliofuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungebonyeza ningecheka. Hata kwetu shemeji wanataniana, wanaitana majina mabaya kuliko hayo. Ningekugombeza siku moja, kesho yake tungesahau." Akaniuliza: "Mimi nilimfukuza yule mtu kwa ajili yako?"

Nilikwenda Mchikichini siku hiyo hiyo kumwambia Osmund kwamba nimesema. Alikuwa anapiga rangi kiatu. Nilipomaliza kumweleza akaniuliza, "Unavaa namba ngapi?" Nikanunua, nikaondoka.

Wewe unayesoma, hasa wewe kijana wa ofisini unayekaa na mashine siku nzima na kuwabandika wenzako majina: utani ni wa wawili wanaojuana. Ukiuandika, unamwachia asiyejua ausome, naye atausoma anavyotaka yeye. Na siku ukiulizwa nani kaandika, usifikirie mshahara, usifikirie uso wa mkubwa wako. Sema, "Ni mimi, mzee." Mimi maneno hayo yalinishinda pale yalipokuwa bure, na nilipokuja kuyasema, mtu niliyetaka kicheko chake alinipokea kama mteja tu.