Filimbi ya Kila Dakika Tano

Kompyuta ilipoletwa shuleni kwetu, walimu wenzangu waliizunguka kama ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi, aliyeletwa na wageni: kila mtu anamsifu, hakuna anayetaka kumkamua. Mimi nilivuta kiti nikaketi. Sijawahi kuogopa mashine, na sikuona sababu ya kuanza siku hiyo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, na nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na cheti cha elimu maalum, pamoja na maringo kidogo yaliyokuja nacho. Nilipewa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi upande wa Kapsoit, juu ya kilima kinachotazamana na shamba kubwa la majani chai. Watoto kumi na wawili, mwalimu mmoja. Kompyuta ilikuwa zawadi ya marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, na ndani yake waliweka programu ya kufuatilia tabia za watoto. Hedmasta aliniambia, "Mwalimu, hii mashine ni ya watoto wako. Ukiiharibu usiniite." Nikamwambia anitafutie tu soketi yenye stima, hayo mengine aniachie.

Soketi ilikuwa moja shule nzima, ofisini kwa karani, nyuma ya mlango wa vyuma. Darasa langu lilikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja. Hapo ndipo shida ilipoanzia, ingawa wakati huo niliona ni jambo dogo.

Mtoto niliyemtaka mashine imsaidie alikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Hakuwa anaongea. Mama yake alikuwa mchumaji wa majani kwenye hilo shamba lililo mbele yetu, wakikaa laini za wafanyakazi, zile nyumba za safu za kampuni, wao wawili tu. Msichana alikuwa anajiuma mkono, hapa chini ya kidole gumba, mpaka ngozi inatoka. Wazazi wengine walilalamika kwamba anawatisha watoto wao, na kamati ya shule ikasema itaangalia mpaka mwisho wa muhula. Asipobadilika, arudi nyumbani. Nyumbani maana yake ilikuwa gunia lililotandikwa kando ya safu za chai, mama akichuma na yeye akikaa hapo kutwa. Nilimwambia hedmasta kwamba mtoto huyo haendi popote, nitawaonyesha kwa takwimu.

Nilisoma kijitabu cha programu siku mbili, na chai ya mkandaa kando. Mashine inakuuliza kwanza jina la mtoto. Halafu inakuuliza ni tabia gani, na haitaki maneno ya ovyo ovyo kama "msumbufu." Inataka kitu kinachoonekana kwa macho. Nikaandika: meno yamegusa ngozi ya mkono. Halafu inauliza utaangalia vipi. Unaweza kumtazama mtoto muda wote bila kupepesa, jambo ambalo mwenye watoto kumi na wawili anaweza kuliota tu. Au unaweza kuchagua njia inayoitwa "papo hapo": mashine inalia kila baada ya muda fulani, wewe unainua macho, unaangalia wakati huo huo tu, anajiuma au hajiumi, unaweka alama, unaendelea na kazi. Nikachagua hiyo. Muda, dakika tano.

Sasa, mashine ikilia ofisini, mimi darasani nitasikiaje? Saa ya mkono nilikuwa nayo, tusidanganyane. Lakini nilitaka mashine ifanye kazi, watu waone inafanya kazi. Nikaongea na karani, mama mmoja mcheshi ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote duniani, nikampa filimbi ya mwalimu wa michezo, ile ile aliyokuwa akiitia watoto uwanjani. Mashine ikilia, yeye anatoka mlangoni anapuliza. Mimi naangalia, naweka alama kwenye karatasi: mkwaju, yaani kistari cha kulala, kama anajiuma, duara kama hajiumi. Saa nne watoto wakinywa uji, nakimbia ofisini kuziingiza alama zote, na mashine inachora grafu.

Karani aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alipuliza kama refa aliyeona penalti. Nilimwambia siku moja, "Mama, mimi sio kiziwi." Akasema, "Na ukikosa kusikia, utasema ni makosa yangu." Hapo aliniweza.

Wiki ya kwanza, mikwaju mitupu. Nikasema ni sawa, hapo ndipo tunaanzia. Wiki ya pili nikaanza mbinu nilizofundishwa: kipande cha kiazi kitamu kila akitumia mkono kufanya kazi nzuri, shanga za kutunga, udongo wa kufinyanga. Mikwaju ikaendelea. Wiki ya tatu mkono ulikuwa umefungwa bandeji, na mstari wa grafu ulikuwa umekaa juu tangu mwanzo. Nakumbuka vizuri, na kwa aibu, kwamba niliisifu ile grafu. Ilikuwa safi, haina mapengo. Hedmasta aliibandika ofisini.

Katikati ya filimbi na filimbi mimi nilikuwa na watoto kumi na mmoja wengine. Mmoja anataka choo, mwingine amekula chaki, mwingine amelala juu ya meza. Nilimtazama yule msichana filimbi ilipolia, na nilipoona meno kwenye mkono niliandika, nikageuka. Sikuona kitu kingine kwa sababu sikuangalia wakati mwingine.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu wa karatasi. Aliisoma grafu yangu, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Mwalimu, umefanya kazi safi. Sasa hata hatuna cha kubishania." Nilitoka pale nikijua kwamba nimemfukuza mtoto mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa wino wangu.

Mama aliitwa aambiwe kwamba kamati ikikutana mwisho wa muhula, mtoto atarudishwa nyumbani. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, na aproni yake ya plastiki ikiwa bado na maji ya mvua, kikapu mgongoni. Nilimsimamisha nje ya mlango wa darasa, pembeni, ili mtoto asimwone akavurugika. Nilikuwa natafuta maneno ya kuanzia. Karani akapuliza filimbi.

Yule mama alishtuka, mkono ukaenda kwenye kamba ya kikapu, na akageuka kama mtu anayetaka kujipanga kwenye mstari. Kisha akajicheka.

"Nilifikiri ni ya kupima," akasema.

"Kupima nini?"

"Majani. Nyapara akipiga filimbi tunaenda kupima. Siku ambazo hana shule, nikimaliza kupima ndio naenda kwa mtoto, nampatia maziwa, namshika kidogo. Halafu narudi." Alichungulia ndani kwenye ufa wa mlango. Msichana alikuwa na mkono mdomoni, macho kwenye mlango. "Na nikichelewa kwa mstari anakula mkono hivyo hivyo, mpaka nifike."

Wiki tatu nzima, kila dakika tano, nilikuwa nimempigia huyo mtoto filimbi ya mama yake, na mama hakutokea hata mara moja. Mimi, mwenye cheti. Nilijikasirikia mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini mimi si mtu wa kulia pembeni wakati kazi ipo. Kesho yake nilimnyang'anya karani filimbi, akanuna, nikamwambia tutaongea baadaye. Niliweka saa yangu mezani nyuma ya mkebe wa chaki, dakika tano zile zile, mikwaju na maduara yale yale. Siku ya kwanza nilijaza maduara mpaka nikafikiri macho yangu yana kasoro. Nikafanya wiki nzima. Msichana alitunga shanga, alifinyanga, alinivuta sketi akitaka kiazi. Bandeji ilitoka. Niliziingiza alama kwenye mashine, na mstari ukaanguka chini kabisa.

Kamati ilipokutana niliweka grafu mbili mezani, nikawaeleza yote, na kosa langu nikalitaja la kwanza. Mwenyekiti aliziweka sambamba.

"Mwalimu, hii inasema anajiuma siku nzima. Hii inasema hajiumi. Mashine ni moja, mtoto ni mmoja, mwalimu ni mmoja. Unataka tuamini gani?"

"Ya pili imepikwa," akasema mzazi mmoja, bila hata kunitazama.

Hasira ilinipanda, lakini nilikuwa nimejua kwamba itafika hapo. Mimi ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo. Nikasimama. "Haya, njooni darasani. Msiniamini mimi."

Mama wa mtoto alikuwa nyuma ya jikoni tangu asubuhi. Nilimwomba apoteze siku ya kazi, na akakubali kabla sijamaliza kuomba. Wanakamati walijipanga ukutani, wazito, kofia mkononi. Msichana alikuwa ameketi na shanga zake. Walimtazama kwa muda mrefu na yeye hakuinua hata kichwa. Mzazi yule aliyesema imepikwa alianza kukohoa.

Nikampa mwenyekiti filimbi. "Piga wewe mwenyewe."

Akapuliza, kidogo tu, kwa haya. Shanga zilianguka. Macho ya mtoto yakaruka mlangoni, na mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni, polepole, na kila mtu pale ukutani akauona ukipanda. Moyoni nilikuwa nahesabu hatua za mama kutoka jikoni. Akatokea mlangoni na chupa ya maziwa. Mkono ukasimama chini ya kidevu, kisha ukashuka, ukanyooka mbele kumpokea.

Mwenyekiti aliitia filimbi mfukoni mwake, na mpaka leo hajairudisha. Walikubaliana pale pale, wamesimama, kwamba mtoto abaki, na kwamba mwalimu wa michezo atafute njia nyingine ya kuita watoto. Yule mzazi alinishika mkono akaniambia pole. Nilimjibu vizuri, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeshinda, na aliyeshinda anaweza kuwa na adabu.

Wengine walipoondoka, mama alibaki na mtoto magotini. Akaniomba aone karatasi. Sio ile ya grafu, zile zangu za kila siku. Alisema hajui kusoma, lakini nimwonyeshe. Nikazitandaza mezani.

"Hii laini ndogo ni nini?"

"Hapo alikuwa anajiuma."

"Na hii?"

"Hapo pia."

Alipitisha kidole juu ya safu ya kwanza, mkwaju kwa mkwaju, kidole cheusi cha utomvu wa majani, kisha safu ya pili, kisha akageuza karatasi akaona nyuma pia imejaa. Nilitaka kumwambia inatosha. Sikuthubutu.

"Kwa hivyo hapa kote alikuwa ananingoja."

"Ndiyo, mama."

Aliinua kichwa akatazama nje ya dirisha. Kule ng'ambo ya bonde wachumaji walikuwa wanaonekana, aproni zao kwenye majani, mmoja mmoja.

"Hiyo filimbi nilikuwa naisikia kutoka kule," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nafikiri ni watoto wanacheza mpira."