Moto ku Mulango

Kwenye barabara ya Kipushi wanamwita Kidole. Kwa ubatizo ni Rigobert, mtoto wa mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga, lakini ukilitaja jina hilo kwenye kituo cha pikipiki hakuna atakayekuonyesha mtu. Ni manseba, yaani mjomba, kama tunavyowaita hapa Lubumbashi wote wanaobeba abiria kwa pikipiki. Goti lake la kulia halikunjiki. Lori la madini lilimtupa mtaroni, mfupa ukaungwa vibaya, na tangu hapo hawezi kuwasha chombo kwa kupiga teke. Anawasha kwa kitufe. Kitufe kinataka batri, na batri ikikataa Rigobert ni mtu aliyekaa juu ya chuma.

Mimi nauza vipuri. Alianza kuja kibandani kwangu kwa sababu ya batri za asidi, zile nzito, ambazo barabara inazitikisa mpaka maji yanamwagika na kula fremu. Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ikikaza, zilikuwa zinakohoa mara mbili kisha kimya. Abiria hangoji. Atapanda nyuma ya mwingine, na huyo mwingine ataondoka akicheka: "Manseba, piga magoti uombe."

Siku moja nikamwekea batri ya lithiamu mezani. Alipoinyanyua mkono ukaruka juu, maana alijiandaa kwa uzito.

"Mama Cathy, unaniuzisha kartoni?"

Nikamwambia abonyeze kwanza, matusi baadaye. Tuliifunga, akabonyeza, injini ikaitika hata kabla hajatoa kidole. Akazima, akabonyeza tena. Nilimwona jinsi alivyoitazama, nikajua bei haitashuka. Tulipatana kwamba atalipa kidogo kidogo kwa kunibebea mizigo yangu kutoka Kipushi. Yeye alitaka mkataba uishe kabla ya mvua, mimi nilitaka uishe pamoja na mvua, na mvua ikashinda.

Bidhaa ile ni nzuri, sitaisema vibaya. Ni nyepesi, haimwagi kitu, haioni taabu na mashimo, inaishi miaka ambayo ile ya asidi haiioti. Lakini ina masharti, na nilimpa yote. Asubuhi ya baridi, awashe taa kidogo kwanza, batri ipate joto, ndipo abonyeze. Apime regileta ya pikipiki, ile inayodhibiti umeme unaoingia kwenye batri, kwa sababu regileta iliyochoka inaijaza kupita kiasi. Tulipima, ilikuwa imechoka, akanunua nyingine. Na sharti la mwisho: batri ikiishiwa umeme kabisa, mpaka haina hata pumzi, asiruhusu mtu yeyote kuijaza. Ailete kwangu.

Hilo la mwisho lilimwingia sikio moja, likatokea la pili. Hapa kwetu batri haifi, inalala. Kila mtu anajua kitu kinacholala kinaamshwa: unaleta batri kubwa ya lori, unaunganisha nyaya, unaipiga umeme mpaka ifungue macho. Kwa asidi inasaidia mara nyingi. Lithiamu iliyokauka kabisa inaharibika ndani kwa siri, na ukiilazimisha umeme, itakubali. Hapo ndipo ubaya wake: inakubali.

Msimu mzima mambo yalimwendea vizuri. Ndipo wakampa jina la Kidole, kwa kile kidole chake cha kubonyeza. Mama Katongo, mfanyabiashara wa Kipushi anayetoka kabla jua halijapanda, alikataa kupanda kwa mwingine. Rigobert akaongeza tundu la kuchaji simu, akaongeza na kengele ya wezi. Kengele inakunywa umeme polepole, mchana na usiku. Msiba ulipompeleka Likasi aliiacha imewashwa, na aliporudi alibonyeza, akabonyeza, hakuna kitu.

Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Guelor, fundi wa pale kituoni, mtu hodari kwa injini na mwepesi kwa mengine. Guelor akaunganisha nyaya kwenye lori lililokuwa limesimama. Wamanseba wakazunguka kutazama. Batri ikaamka, wakapiga makofi.

Siku ya tatu Rigobert alipita kibandani kunichokoza, akapiga soga muda kwanza.

"Mama, ile yako ililala, Guelor akaiamusha. Njo vile banaamushaka bintu. Wee ulinitisha bure." Njo ni ndiyo yetu ya mjini.

Niliacha nilichokuwa nakipima. Nikamwambia afungue kiti. Ubavu wa batri ulikuwa umevimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo, na pikipiki ilikuwa imesimama muda mrefu lakini plastiki ilikuwa ya moto mkononi. Ilitoa harufu tamutamu, kama rangi ya kucha.

"Itoe sasa hivi," nikasema. "Nitakupa ya asidi, utanilipa kwa safari."

"Na ikikataa asubuhi, nitawasha na mguu gani?"

"Kituoni kuna watu. Watakusukuma."

"Kila asubuhi, Mama? Banicheke kila asubuhi? Mama Katongo ananingoja kesho. Akinikosa mara moja, ni basi."

Nikamwuliza pikipiki inalala wapi. Akanishangaa. Sebuleni, akasema, nyuma ya mlango, kama kwa kila mtu. Ukiiacha nje, asubuhi utakuta alama ya tairi. Nyumba ina milango mingapi? Mmoja. Na madirisha? Yana vyuma, Mama, wezi ni wengi. Akaondoka nayo.

Sina kawaida ya kumfuata mteja nyumbani. Lakini batri ilitoka kwangu, na ikiua watu hakuna atakayeuliza nani aliiamsha. Watasema ni ya Mama Cathy. Jioni nilifunga mapema, nikapanda manseba mwingine kwenda kwake, upande wa Kasapa.

Nilichelewa. Haya yanayofuata alinisimulia mke wake, Syntiche, siku ile ile.

Kila jioni wawili hawa hugombania jambo moja. Mjini kwetu pikipiki tunaiita moto, kwa Kifaransa, na moto unaounguza nao tunauita moto. Rigobert anaisukuma ndani, anaiegemeza kwenye mlango, halafu anajipenyeza kwenda kuoga uani. Syntiche, mwenye sufuria mkononi na hana pa kupita, anapaza sauti: moto iko ku mulango. Naye anajibu kutoka bafuni kwamba ni mahali pake, apite pembeni.

Jioni ile alisikia kitu kikilia chini ya kiti, mlio wa mandazi yanayoingia kwenye mafuta. Moshi mweupe ukatoka, kisha mwali wa moto, mrefu, uliolenga mlango kama mtu ameushika. Watoto wawili walikuwa nyuma yake mkekani. Akaita:

"Papa! Moto iko ku mulango!"

Bafuni maji yaliendelea kumwagika.

"Iache pale, njo nafasi yake."

Akaita tena maneno yale yale. Rigobert akajibu tena, akiwa amechoka sasa, kwamba mwanamke huyu hanyamazi. Pazia lilikuwa limeshashika moto. Syntiche aliniambia alifikiri atakufa akibishana na mumewe juu ya maegesho. Ndipo likamtoka neno la mama yake, la Kibemba, la moto unaounguza tu, ambalo hakuwa amelitumia tangu utotoni:

"Mulilo!"

Maji yakasimama.

Rigobert alikuja na taulo. Aliusukuma mlango kwa bega, akalishika gurudumu la nyuma, akaivuta pikipiki nje ikiwaka, akiburuta goti lile. Nilipofika ilikuwa imelala uani, na majirani wanaimwagia maji. Batri ikawa inazimika na kuwaka upya. Niliwaambia walete mchanga na wakae mbali. Ukuta wa sebule ulikuwa mweusi mpaka juu. Watoto walikuwa wanakohoa, lakini wazima. Mkono wa Rigobert ngozi ilikuwa imebanduka kama ya nyanya.

Kidonda kilipofunga, na pikipiki imekwisha kutengenezwa, alikuja. Alitaka batri nyingine. Ile ile.

Nikamwambia nitamuuzia, bei ya rafiki, kwa sharti moja: pikipiki ilale nje. Nitamtafutia sanduku la chuma na mnyororo. Akasema nje wanavunja sanduku wanabeba na mnyororo. Tulivutana asubuhi nzima. Mwishowe alinyanyuka bila hasira, akaenda kwa muuzaji wa mjini ambaye haulizi pikipiki inalala wapi. Sasa anapita tena mbele yangu alfajiri, Mama Katongo nyuma yake, na ananipigia honi.

Guelor naye ameshaamsha nyingine tatu, ninazozijua.

Wiki iliyopita alikuja Syntiche, na kikokoteni. Alikuwa ameita fundi wa kuchomelea, mumewe akiwa barabarani, akakatisha vyuma vyote vya dirisha la chumba cha watoto. Nikamwuliza kama Rigobert anajua.

"Ataona," akasema. "Na muizi ataona pia. Muizi nitamupigia kelele, batu batakuja."

Akauliza kama nanunua chuma. Nikavitazama: vizito, bado na rangi. Akataja bei ya juu. Nilimpa.