Siku niliyowaacha Waskoti mikono ikiwa juu: familia yetu na tamasha la Celtic la kila Julai, Durban

Wakuu, shikamoni kwa wanaostahili, na wengine mambo vipi.

Nitakayosimulia yametokea kweli kwangu na kwa watu wa nyumbani kwetu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa, hakuna chai humu ndani.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Mimi ni yule mtu anayesoma mara tatu hata meseji ya "sawa" kabla ya kuituma. Nilikuwa hivyo nikiwa binti mdogo na sijapona vizuri. Lakini leo nimeamua.

Tuanze.

Mama yangu ni wa Kigoma. Baba ni Mkongo wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, tulimwita Papa. Huko Uvira alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi ya harusi. Vita ilipochacha tulishuka mpaka Durban, Papa, Mama, mimi na mdogo wangu Bahati.

Mwanzo tulipanga chumba Point, karibu na bandari. Papa alikuwa analinda magari ya watu, Mama anasuka nywele. Baadaye Papa alipata kazi ya kutunza ukumbi mmoja wa kanisa kule Sydenham. Kufagia, kupiga mop, kufungua na kufunga. Kazi ilikuja na vyumba viwili nyuma ya ukumbi.

Tulikuwa familia ya muziki, ila msifikirie ile ya kwenye picha.

Gitaa la Papa lililala juu ya kabati na blanketi lake. Bahati alikuwa analalamika kwamba blanketi la gitaa ni zito kuliko la kwake. Mama alikuwa anaimba akiosha vyombo, Papa anamsahihisha kutoka chumba cha pili, Mama anaimba vilevile tena kwa makusudi. Bahati alipiga kila kitu: sahani, mlango, kichwa changu.

Mimi nilikuwa sipigi chochote. Niliogopa kukosea mbele ya Papa.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa unatumiwa na wazee wa asili ya Scotland na Ireland. Babu zao walikuja zamani. Kila mwaka walikuwa na tamasha lao la muziki wa Celtic, na lilifanyika Julai.

Kwa nini Julai? Kwa babu zao sikukuu za Desemba ni za baridi, na Desemba ya Durban ni jasho tupu. Kwa hiyo sherehe waliisogeza hadi likizo ya shule ya winter, angalau wapate kabaridi. Wanabandika theluji ya karatasi madirishani, wanawasha mishumaa, wanapika supu, wanaimba, halafu wanacheza.

Wanaume wanavaa zile sketi za miraba. Bahati alipoziona mara ya kwanza alimuuliza Papa mbona wazee wamevaa sketi. Papa akamwambia, "Nyamaza, ile ni uniform." Mama, aliyekuwa amevaa masweta mawili, aliyaonea huruma magoti yao.

Aliyekuwa anaongoza mambo yote aliitwa Elspeth. Bibi mwembamba, mkali, viatu vyeusi vya kamba. Sisi tulimwita Gogo kama watu wa Durban wanavyowaita bibi zao, na alipenda.

Wanamuziki wao walikuwa familia moja, na ilikuwa imehamia Australia, kama wengi wao miaka ile. Siku moja Gogo alimkuta Papa amekaa kwenye ngazi za jukwaa na gitaa lake, mop iko pembeni. Akasikiliza. Kesho yake akaja na kaseti ya ile familia iliyohama, akamuuliza kama anaweza.

Papa alisikiliza kaseti mara moja. Akasema, "Hii iko rahisi. Inazunguka tu."

Julai ya kwanza alipiga yeye na Mama akaimba. Wazee walifurahi, lakini walisema bila fidla si yenyewe.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, wakuu. Kwenye kabati la chini ya jukwaa kulikuwa na fidla ya zamani. Nikaomba kwa Gogo, akanipa. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na ile kaseti na redio ya Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila siku nikitoka shule nilikuwa najifungia stoo ya viti. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, napiga. Nikikosea noti moja naanza upya kutoka mwanzo. Sikujiruhusu kuvuka kosa hata siku moja. Vidole vilipasuka, nikavifunga plasta nikaendelea.

Mwaka ulipokaribia kuisha nilikuwa nauweza ule wimbo wa dansi kubwa kama ulivyo kwenye kaseti. Pumzi kwa pumzi. Hata pale mpigaji wa kwenye kaseti anapoburuza upinde kidogo, nami niliburuza.

Julai ya pili ikafika.

Naomba niwaeleze ile dansi, maana bila hivyo hamtaelewa aibu yangu. Watu wanasimama mistari miwili, wanaume huku, wanawake huku, wanatazamana. Jozi ya kwanza inashikana mikono inapita katikati, wengine wanainua mikono kama mlango, jozi inapita chini yake, inarudi mwishoni. Halafu jozi inayofuata. Dansi inaisha jozi zote zikishapita.

Kaseti haikuniambia hayo.

Kwenye kaseti wimbo unazunguka mara tatu halafu unaisha kwa noti ndefu nzuri. Basi nilipiga mara tatu, macho nimefumba, bila kosa hata moja. Nikamaliza kwa noti ndefu nzuri. Nikashusha fidla, nikainamisha kichwa nikisubiri makofi.

Hayakuja.

Nikafumbua macho. Wazee wote wamesimama na mikono juu, jozi ya nne imekwama chini ya ule mlango wa mikono, mzee mmoja ameinama nusu haelewi apite au arudi. Papa alikuwa bado anapiga gitaa, lakini fidla ikinyamaza ghafla watu wanajua wimbo umeisha. Nao mmoja mmoja wakashusha mikono.

Nilikimbilia stoo. Bahati, ambaye alikuwa anapiga ile ngoma yao bapa kama dufu, alinifuata mpaka mlangoni akaniita "Dada Stop". Jina likakaa. Stop hapa, Stop pale, Dada Stop nipitishie chumvi.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kamati yao alikuja kuongea na Papa. Mzee mpole tu, sina ubaya naye. Alisema labda mwakani wataweka CD player, ili nasi tupumzike. Gogo Elspeth akamkatalia palepale, akasema tupewe Julai moja zaidi. Wakakubaliana: dansi ikikatika tena, basi ni CD kuanzia hapo.

Mtu anaweza kusema, si tamasha la watu tu, liache.

Wakuu, siku nyingine zote pale tulikuwa watu wa funguo na mop. Mtu akiingia anatafuta "yule wa funguo". Siku ile moja kwa mwaka, Gogo alisimama jukwaani akasoma majina yetu manne, na jina la Papa alilitamka lote, la kwetu na la Kifaransa. Papa alikuwa ananyoosha mgongo. Sijawahi kumwona amenyoosha mgongo namna ile sehemu nyingine Durban.

Na mimi ndiye niliyekaribia kulifunga hilo kwa noti ndefu nzuri.

Nikamwambia Papa siigusi tena fidla. Akakataa bila kelele. Alichukua kaseti, akaiweka juu kabatini, chini ya gitaa.

"Maman," akasema, maana Wakongo wanawaita hivyo mabinti zao, "kaseti haiko na miguu. Weye unaangalia vidole. Vidole haviendi popote. Angalia miguu ya watu."

Jumapili akanipeleka kanisani kwa Wakongo wenzake, kulekule Point. Tulikuwa tunasali pale, lakini safari hii alinikalisha na wanamuziki.

Aliyewahi kusali na Wakongo anajua sadaka yao. Haipitishwi kikapu. Watu wote wanasimama, wanatoka kwa mstari wakicheza mpaka mbele, wanatoa, wanarudi wakicheza. Na muziki hauruhusiwi kukatika mpaka mtu wa mwisho atoe. Hakuna anayejua itachukua muda gani. Kuna wanaokuja mbio, kuna wanaokuja taratibu wakionyesha kitenge kipya.

Kulikuwa na mama mmoja, Maman Chantal, mwenye saluni. Huyo alikuwa anatoa, anarudi, halafu anajiunga tena mwisho wa mstari, kwa kuwa wimbo umemnogea. Unaona mstari umeisha, unajiandaa kumalizia, unamwona Maman Chantal huyo anakuja tena na mabega yake.

Jumapili ya kwanza nilikosea nikasimama. Papa hakunitazama hata. Aliendelea, mstari ukaendelea, na mimi nikabaki pale na fidla kama mtu aliyeshushwa kwenye taxi njiani. Hakuna aliyenisubiri. Nikarukia ndani walipokuwa wamefika.

Kila Jumapili ikawa hivyo. Kukosea, kurukia. Nilikuwa narudi nyumbani nikihesabu makosa, na Jumapili inayofuata naenda tena. Sikuipenda. Lakini nilikuwa nimeshaapa kwamba ile mikono haitashuka tena kwa sababu yangu.

Polepole nikaanza kuona miguu. Nikajua kiatu kinachochoka kinavyokanyaga, na kinachotaka kuendelea kinavyokanyaga.

Julai ya tatu.

Ukumbi ulijaa kuliko miaka yote, wajukuu nao walikuja. Theluji ya karatasi madirishani, supu, mishumaa. Na karibu na jukwaa, juu ya kiti, CD player. Imeshachomekwa kwenye umeme. Mwenyekiti alimwambia Papa ni kwa usalama tu.

Sikuweza kuacha kuitazama. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka muda wote Mama akiimba.

Ikafika dansi kubwa. Mistari ilitoka jukwaani mpaka mlangoni. Gogo Elspeth na mwenyekiti walikuwa jozi ya mwisho kabisa.

Nikaanza. Mzunguko wa pili tu, kidole kikateleza, noti ikalia kama paka. Mwili wangu wote ulitaka kusimama uanze upya. Nikatazama chini. Miguu ilikuwa inaenda. Haikuwa inanisubiri. Nikarukia.

Kisha likatokea baya zaidi. Ule wimbo una sehemu mbili, ya kwanza na ya pili. Ya pili ikanitoka kichwani, yote, kana kwamba sikuwahi kuijua. Nikarudia ya kwanza. Bahati akanigeukia macho yamemtoka, lakini mkono wake haukuacha ngoma. Nikarudia tena ya kwanza. Papa akabadilisha gitaa akanifuata huko huko nilikopotelea.

Mzee mmoja akachanganyikiwa, akapita na mjukuu wake mara mbili. Nikamwona Maman Chantal ndani ya mzee yule. Nikampa mzunguko wake.

Papa alijisahau kabisa. Akapiga kelele kama yuko harusini Uvira, "Tia moto, tia!" Wazee hawakujua maana yake lakini waliongeza mwendo.

Mwisho mwenyekiti na Gogo wakapita. Taratibu, mwenyekiti goti linamsumbua. Mikono yote ilikuwa juu ikiwasubiri, na mimi niliwasubiri. Walipotoka upande wa pili na mikono ya mwisho ikashuka, ndipo nikavuta ile noti ndefu. Haikuwa safi.

Makofi sikuyasikia vizuri. Nilikuwa natafuta pa kumpata Gogo nimwombe radhi. Nilimkuta kwenye supu, anapepea uso. Nikamwambia samahani kwa makosa yote yale, nilipoteza sehemu nzima ya wimbo.

Akanitazama kama simwelezi kitu cha maana.

"Makosa gani?" akasema. "Mimi nilikuwa nacheza."

Papa yeye aliyasikia makosa, bila shaka. Tukikunja viti akaniuliza, "Sehemu ya pili ulipeleka wapi?"

"Nilisahau, Papa."

"Hata mie. Twende tule."

Mwenyekiti alimwomba Bahati amsaidie kubeba CD player hadi kwenye gari. Bahati akapita nayo mbele yangu ameikumbatia, akabonyeza kitufe chake. "Dada," akasema, "hii ndiyo inajua ku-stop." Tangu siku hiyo jina lile hakuniita tena.

Tulipiga pale kila Julai hadi tulipohama Sydenham.

Nilichojifunza, wakuu: kujizoesha bila kosa ni kuzuri, na bado najizoesha hivyo. Lakini kuna kazi ambazo watu wameshainua mikono wanakusubiri. Hapo kosa lako ni dogo kuliko kusimama kwako. Vuka, rukia mbele, maliza nao.

Kama kuna mwenzangu humu mwenye ugonjwa huu wa kuanza upya kila akikosea, karibu aseme anafanyaje. Na aliyewahi kupiga muziki kwenye sadaka ya Wakongo, naomba uwathibitishie hawa kwamba Maman Chantal yupo kila kanisa.

Kuna aya kule juu naona ningeipanga vizuri zaidi. Siirudii. Na-post.