Aliyenilea, Aliyenizaa

Mwaka 1992 nilikuwa karani wa kuchapa katika kliniki ndogo ya Kigali, nina mimba ya miezi mitano, na kutulia nilikuwa siwezi. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi.

Siku hizi wanazungumzia akili bandia kana kwamba imezaliwa jana. Ya kwetu ilikuwa kompyuta moja yenye kioo cha kijani, ambayo daktari wetu aliijaza mtandao wa maarifa: kila mtu nukta, kila uhusiano uzi wenye jina lake. Huyu amemzaa yule. Yule ana selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Ukiiuliza swali, inafuata nyuzi hizo mpaka ipate jibu.

Mume wangu alishapimwa, akakutwa amebeba chembe za ugonjwa huo bila kuugua; mtoto huugua akizirithi kwa wazazi wote wawili. Majibu yangu yangechukua wiki tatu. Nani ana subira ya wiki tatu? Nikajiingiza mwenyewe kwenye kompyuta, harakaharaka kama kawaida yangu. Ikajibu: mtoto huenda yuko hatarini.

Bahati yangu mashine ile ilikubali kuulizwa kwa nini. Nikauliza, ikanionyesha njia yake hatua kwa hatua: wewe umezaliwa na huyu, huyu amemzaa binti mwenye selimundu, basi huyu amebeba, basi huenda nawe umebeba.

Umezaliwa na huyu! "Huyu" alikuwa mume wa mama mdogo, fundi cherehani wa mtaa wa Nyabugogo, ambaye binti yake alitibiwa kliniki kwetu, na ndiye aliyenichukua wazazi wangu walipofariki. Kwetu mume wa mama mdogo ni baba, na ukimwita vingine umemtukana. Mashine iliuliza baba, nikaiandikia baba. Haikukosea kufikiri, maskini. Mimi ndiye niliyeifungia uzi usio wa damu, na kama isingenionyesha njia ningeiamini tu na kulia.

Shida ni kwamba baba huyo mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Alikuja kunichukua, amekaa, kofia yake magotini, na kusoma anajua vizuri.

Nikafuta "amezaliwa na", nikaandika "amelelewa na". Nikauliza upya. Ikajibu: haijulikani, taarifa za baba hazipo.

"Umeandika mimi iko nani?" akauliza.

"Mlezi, baba. Ni kwa ajili ya damu tu."

"Mulezi iko yaya. Rudisha baba."

"Nikirudisha, itasema tena mtoto yuko hatarini."

Akaitazama ile kompyuta, kisha tumbo langu.

"Basi wacha," akasema. Akavaa kofia, akatangulia mlangoni bila kunisubiri.

Nilitamani kumkimbilia, niisingizie mashine. Lakini mkono uliofuta ulikuwa wangu, naye aliuona. Mtoto wangu bado sikujua kama ni mzima, na kwenye kioo palibaki pameandikwa kwamba sina baba.