Sanduku la Waziri kwenda Ujerumani

Nyamongo wa Kiogoro ni fundi wa mbao, na karibu kila kitu kinachotoka katika karakana yake ni cha kulalia. Vitanda vya maharusi, dabodeka za shule za bweni, na majeneza, hasa majeneza. Hupima marehemu kwa macho tu akiwa amesimama mlangoni, na hakuna familia iliyowahi kurudi kulalamika. Siku ya Sabato hufundisha somo la Biblia kanisani kwake, kwa sauti inayokwenda na kurudi polepole kama randa. Namjua kwa sababu tunapakana, na nasimulia haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema mbwa ni mbwa tu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Waziri. Ni jibwa la kahawia lenye kichwa kama cha ndama, lililonunuliwa na mzee mmoja wa Magwagwa lilinde ng'ombe. Mzee alipofariki, bintiye Valentine, muuguzi hapa mjini Kisii, akamchukua. Mwaka huu Valentine akapata kazi Ujerumani. Nchi hii inasomesha wauguzi, inawanyima ajira, kisha inawapigia makofi wakipanda ndege. Lakini hayo tuyaache. Swali la Valentine lilikuwa moja: Waziri ataendaje? Kakake Eric alijitolea kukaa naye.

"Nitamfunga mnyororo pale kwa mparachichi," alisema. "Esese ni esese, mbwa ni mbwa tu. Kwani ni mgeni?"

Valentine hakulala akiwaza mnyororo huo. Akaanza kuulizia njia. Kuna mbwa wanaosafiri ndani pamoja na abiria, kwenye mfuko chini ya kiti. Katika mfuko huo Waziri angeingiza sikio tu. Kuna njia ya shehena, ambapo wakala hushika kila kitu na mbwa husafiri kivyake kwa ndege nyingine. Bei yake ingemeza mshahara kabla haujaanza. Halafu kuna njia ya katikati: ndege moja na mwenye mbwa, yeye juu, mbwa chini katika chumba cha mizigo chenye hewa na joto. Shirika la ndege likakubali njia hiyo, mradi sanduku liwe sawa. Likikataliwa uwanjani, mbwa habebwi. Chanjo, chipu ya chini ya ngozi, kipimo cha damu, miezi ya kungoja, yote yalikuwa yamekwisha. Lilibaki sanduku.

"Nakutumia maelezo kwa simu, mzee," Valentine alimwambia Nyamongo.

"Maelezo ya nini, daktari? Mimi nimepima watu wote wa kata hii," alisema Nyamongo, ambaye kwake kila muuguzi ni daktari.

Akamlaza Waziri ubavu kwenye vumbi la mbao, akampima pua hadi mkia, akapima mabega, akamaliza. Maelezo ya simu hakuyafungua.

Ndege ilikuwa Jumamosi usiku, kutoka Nairobi. Pikapu ya kwenda huko ingeondoka Kisii Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni Valentine alifika Kiogoro na Ratemo, daktari wa mifugo, aliyekuja kumkagua mbwa mara ya mwisho. Nyamongo akaondoa turubai kwa madaha.

Kwa kweli lilikuwa sanduku zuri. Vanishi iling'aa. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe cha marinda, na mto mdogo. Upande wa kichwani palikuwa na kidirisha cha kioo. Vishikio vilikuwa sita, vya rangi ya dhahabu.

Valentine akafunika mdomo kwa kiganja. Ratemo akazunguka sanduku mara moja, akakohoa.

"Mzee, huyu bado yuko hai."

"Najua yuko hai. Ndiyo maana nimeweka dirisha."

"Hilo dirisha halifunguki. Atapumua wapi? Na humo anatakiwa asimame, ageuke, masikio yasiguse juu. Hivi ataweza kulala tu, tena bila kujikuna. Uwanjani hawatalipokea."

Waziri aliingizwa. Akalala kwa adabu kubwa, miguu imekunjwa, akawatazama kama mtu aliyeitwa kwenye msiba asioujua. Valentine akaketi kwenye rundo la mbao akaanza kulia bila sauti.

Nyamongo akatazama sanduku, halafu akatazama magharibi, jua lilikokuwa limeshuka juu ya migomba.

"Kulivunja na kuliunda upya si kazi ya saa moja," alisema. "Na jua la Ijumaa likizama tu, Sabato imeingia. Nisamehe, daktari. Msumeno wangu haujawahi kulia Sabato."

"Na mimi naondoka asubuhi, baba."

Nyamongo alianza kukusanya vifaa vyake. Mkewe, Jacinta, alikuwa amekuja kumwita aoge, akayasikia yote.

"Baba Walter," alisema, "ng'ombe akitumbukia kisimani Sabato, utamwacha hadi jioni?"

"Huyu hajatumbukia popote. Na si ng'ombe."

"Lakini kisima si umechimba wewe?"

Nyamongo akairudisha randa mezani. Ratemo alijifanya anasoma jina la kampuni kwenye kopo la vanishi.

"Soma hayo maelezo, daktari," Nyamongo alisema hatimaye. "Soma polepole, usiruke neno."

Valentine akasoma. Nyamongo akang'oa marinda, akang'oa kioo, akachukua mbao za kitanda cha mteja wa Suneka na kuanza kukata. Jua likazama. Sikumwona akigeuka kulitazama. Majirani tulisikia msumeno, na mzee mmoja wa kanisa akapita barabarani mara mbili akipunguza mwendo. Nyamongo alimsalimia kwa jina, "Sabato njema," akaendelea kukaza skrubu. Sanduku jipya lilikuwa na matundu pande zote nne. Waziri akaingia, akasimama, akageuka, akageuka tena kwa raha zake.

Kesho yake Nyamongo alifundisha somo kama kawaida, ila kabla ya kuanza aliliambia darasa alichofanya na sababu yake. Walibishana hadi kengele ikalia, na hakuna aliyeshinda.

Jumapili mchana simu ikapigwa kutoka ng'ambo.

"Walilikubali," Valentine alisema. "Yule wa uwanjani alinyoosha mkono juu ya kichwa cha Waziri akaona nafasi, akapiga muhuri. Amefika, amekula, sasa anagombana na baiskeli za watu. Ngoja."

Akamwekea simu karibu. Waziri akabweka mara moja, ile sauti yake nzito. Nyamongo, bila kufikiri, akaipungia simu mkono. Jacinta akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye akarudi kazini, kwa sababu mteja wa Suneka alikuwa mlangoni akiuliza kitanda chake kiko wapi.